Wafu Hawaitwi kwa Kubonyeza

"Zima hiyo."

Bibi hakupaza sauti. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani, sinia la maharage mapajani, na mikono yake ilikuwa imeacha kuchambua. Macho yake yaliyomleta mjini kwa ajili ya kliniki yalikuwa yameganda kwenye televisheni.

Mpwa wangu, aliyekuja likizo kutoka Arusha na PlayStation yake, alidhani Bibi anaudhiwa na kelele. Akapunguza sauti.

"Sijasema upunguze. Nimesema zima."

Akazima. Sebule yetu ya Majengo ikabaki na mlio wa bodaboda za barabarani. Bibi akarudi kwenye maharage yake bila kueleza neno, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Kukataza kwenyewe hakukunishangaza. Nilishangaa kwa sababu siku zote zilizotangulia alikuwa amekaa kwenye kiti hichohicho akiangalia mambo ya kutisha zaidi. Alimwona mtoto akiua majoka. Alimwona akiingia kwenye makaburi ya kale, maiti zikiamka na kumfuata na mapanga, naye akizirushia moto kutoka viganjani. Siku moja hata aliuliza, tena kwa kufuatilia kabisa, "Huyo joka amekufa, au amelala?"

Hayo yote yalipita salama.

Siku ile gemu lilikuwa Tales of Kenzera: Zau, na nilikuwa nimemwonyesha mtoto namna ya kubadili sauti ziwe za Kiswahili.

## Majoka hayana kaburi Old Moshi

Kwa wapenzi wa fantasia wa huku kwetu, Zau ni gemu tulilolisubiri. Lilitoka Aprili 2024. Aliyelibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na alilibuni akiwa na msiba wa baba yake moyoni. Kijana Zau ni mganga aliyefiwa na baba. Anamwendea Kalunga, mungu wa kifo, wanapatana: yeye ataleta roho tatu kuu, Kalunga amrudishie mzee wake. Basi anavaa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na safari inaanza.

Nimekulia kwenye hadithi za mashujaa wenye majina yanayogoma kutamkika. Nilipomsikia shujaa akisema "Baba" kama mimi ninavyosema "Baba", nilisisimka mwili mzima.

Bibi naye alisikia. Ila alisikia kingine.

Wafu wa Bibi wako karibu. Babu amezikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo kule Old Moshi, mgombani, hatua chache tu kutoka mlangoni. Pembeni yake yupo mama yake, na masale, mmea wetu wa heshima, yamepandwa kuonyesha walipolala. Bibi akienda kukata ndizi anawapita, na mara nyingine anawaambia habari za nyumbani: mvua imechelewa, mjukuu fulani ameposwa. Wala haoni kama kuna mgongano na kwaya ya Kilutheri anayoimba tangu ujana wake. Ni adabu tu. Huwezi kumpita mumeo bila kumsemesha.

Sasa mtu huyo anasikia, sebuleni, kwa lugha anayoielewa, mtoto akidai baba yake arudishwe kutoka kwa wafu.

Joka la Kiingereza halina ukoo. Baba aliyekufa akiitwa kwa Kiswahili, ana ukoo.

Mwanzoni niliamini ni mambo ya dini, yale mahubiri tuliyoyasikia sote kwamba magemu yana mapepo. Siku chache baadaye, nikimsaidia kumenya ndizi, nikapata ujasiri.

"Bibi, mbona majoka hukuyakataza?"

"Majoka ni majoka. Yule anamwita baba yake aliyekufa, na huyu wetu anabonyeza tu. Mfu haitwi bure, mwanangu. Ukimwita, unampa nini?"

Unampa nini.

Swali hilo limekaa nami wiki kadhaa, na ndilo limenifanya niandike.

## Nguvu inayojijaza yenyewe

Nilianza kupita kwenye kila nilichokipenda nikiwa na swali la Bibi mkononi. Matokeo yalinisumbua.

Chukua Skyrim, gemu la mwaka 2011, lile la majoka ambalo Bibi aliliruhusu. Nimeishi humo usiku mwingi sana na bado nalipenda: theluji, muziki wake, anga la usiku linalowaka rangi. Lakini humo kuna elimu ya kufufua maiti. Unamwelekezea mkono mtu uliyemuua sasa hivi, unashikilia kitufe, anainuka na kukupigania. Muda ukiisha anaanguka na kuwa rundo la majivu. Na wewe umelipa nini? Mstari wa buluu unaopima nguvu zako za uchawi kwenye skrini umepungua, na ukitembea kidogo tu unajaa tena wenyewe.

Hakuna anayedai. Hakuna anayehuzunika. Yule mtu alikuwa na kitanda, alikuwa na chungu jikoni, dakika moja baadaye ni majivu njiani na mchezaji hageuki nyuma.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini magemu mengi ya fantasia huniacha na njaa hata nikiwa nimeyacheza hadi mwisho. Uchawi wake ni nguvu isiyo na mdai. Wabunifu wanaupima kwa namba, wanaupangia ngazi, wanauongeza kadiri unavyocheza, kisha wanashangaa hausisimui. Silaha yoyote ingefanya kazi hiyohiyo.

Filamu nazo zina kesi ya kujibu, na kwangu mimi kesi kubwa kabisa iko katika ile niipendayo kuliko zote: The Lord of the Rings: The Return of the King, ya mwaka 2003, iliyoondoka na tuzo 11 za Oscar. Wanaoijua wanajua ninakokwenda. Jeshi la wafu.

Katika kitabu cha Tolkien cha mwaka 1955, wafu waliovunja kiapo chao kwa mfalme wanamfuata Aragorn, mrithi wa mfalme huyo, hadi bandari ya Pelargir. Wanachofanya pale ni kutisha. Maadui wanaziacha merikebu zao na kukimbia kwa hofu, kiapo kinahesabiwa kimetimia, Aragorn anawaachilia, wanatoweka. Wanaopanda merikebu hizo na kwenda vitani Minas Tirith, mji mkuu wa Gondor, ni watu hai wa kusini mwa nchi hiyo, wenye damu ya kumwagika.

Filamu iliwachukua wafu hadi uwanjani. Wakashuka kutoka kwenye merikebu kama mafuriko ya kijani, wakapita, vita vikaisha.

Nikiwa mdogo nilishangilia. Leo najiuliza swali ambalo mashabiki wengi wa vitabu wameliuliza kabla yangu: Mfalme Théoden na wapanda farasi wake wa Rohan, waliokuja kuuokoa mji, walikufa kwa ajili ya nini, ikiwa jeshi lisilokufa lilikuwa njiani? Dakika chache kabla, filamu ileile imenifanya nilie kwa ajili yao. Kisha ikavishusha bei vifo vyao vyote kwa mkupuo mmoja. Tolkien alijua kwamba mfu anaweza kukopwa kwa jambo moja tu, lile alilokuwa anadaiwa, na baada ya hapo unamwacha akapumzike. Bibi hajawahi kumsikia Tolkien, lakini angemwelewa.

## Kijana aliyeita

Kipo kitabu kinachojibu swali la Bibi moja kwa moja.

Ni A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, cha mwaka 1968. Ged ni mtoto wa kisiwani, mchunga mbuzi kwenye miteremko ya mlima, ngozi yake ya rangi ya shaba, na ana kipaji kinachowatisha hata walimu wake. Anapelekwa kwenye shule ya wenye elimu ya uchawi. Huko kuna mwenzake anayemdharau, na Ged, kwa kiburi tu, ili amwonyeshe, anamwita mwanamke aliyekufa zamani sana.

Anakuja. Anaonekana kwa muda mfupi tu. Lakini pale alipopita pameachwa ufa, na katika ufa huo kinaingia kivuli kinachomrukia Ged na kumrarua uso. Mkuu wa shule, mzee Nemmerle, anakuja kuuziba, na nguvu zake zote zinaishia pale. Anakufa. Ged anabaki na makovu usoni maisha yake yote, na kivuli kiko nje, kinamtafuta.

Hapo hakuna mstari wa buluu. Mzee mzima amekwenda kwa sababu ya kiburi cha kijana mmoja, na kitabu chote kilichobaki ni kulipa.

Nilimsimulia Bibi sehemu hiyo usiku mmoja baada ya chakula. Alisikiliza bila kunikatisha. Nilipofika kwenye kifo cha Nemmerle alitikisa kichwa akauliza, "Huyo mzee, walimzika vizuri?"

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Katika watu wote niliowahi kuwasimulia kitabu hicho, yeye peke yake alianza na mazishi.

## Hoja ya rafiki yangu

Ningeishia hapo, makala ingekuwa rahisi. Ningesema fantasia nzuri ni ile yenye gharama, na Kiswahili kinaipa uzito, kwa hiyo tuandike kwa Kiswahili. Nilikuwa tayari kuandika hivyo.

Halafu nikampigia rafiki yangu aliyeko Arusha. Anafundisha fasihi, na amesoma kila nilichosoma na zaidi.

"Unataka uchawi wenye uzito?" akaniuliza. "Nchi hii uchawi una uzito tayari. Watu wanauawa."

Hakuwa anatania. Sheria ya uchawi tuliyonayo ilitungwa mwaka 1928 na ingali kwenye vitabu, ikiwa ni pamoja na kumwadhibu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Kule Kanda ya Ziwa, kwa miaka mingi, bibi vizee wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni za kuwapikia watoto na wajukuu.

"Mimi," akasema, "namtaka mtoto abonyeze na acheke. Akue akijua ni mchezo. Huo umbali wa Kiingereza unaouona upungufu, kwangu ni dawa."

Sikuwa na jibu. Nilikata simu nikiwa upande wake, na nilikaa upande wake kwa muda mrefu.

Maana nilimtazama Bibi. Mjane, mzee, anaishi peke yake kule juu. Anasemesha makaburi. Macho yake ni mekundu.

Angezaliwa mkoa mwingine ningeogopa kumwacha alale peke yake.

Nikazikumbuka pia filamu zetu wenyewe. Uchawi wa filamu nyingi za Bongo una uzito, hilo sibishi. Watazamaji hawacheki. Lakini mchawi wa filamu hizo ni nani? Ni mama mkwe. Ni shangazi aliyetoka kijijini, kaniki na ungo. Filamu inaisha, watu wanarudi nyumbani, na nyumbani kuna mama mkwe. Hadithi ya namna hiyo imeshamnyooshea mtu kidole kabla taa haijawashwa. Kama huo ndio uzito wenyewe, siutaki.

## Kwa Mrile hakuna mchawi

Kilichonitoa hapo ni hadithi ya kwetu, ya Wachagga, niliyoisikia utotoni vipande vipande na kuja kuikuta nzima katika kitabu cha Alice Werner cha mwaka 1933 kuhusu visasili vya Wabantu.

Mrile anakwenda kuchimba magimbi na mama yake. Anaona gimbi moja linalofanana na mdogo wake mchanga. Analificha kwenye pango la mti, na gimbi linageuka mtoto. Mrile anamlisha kwa siri chakula chake mwenyewe. Mtoto ananenepa, Mrile anakonda. Mama anapogundua kinachomkondesha mwanawe, anakwenda na kumuua yule mtoto wa mtini.

Mrile analia. Wanapomuuliza, anasingizia moshi. Wanamwambia basi achukue kigoda cha baba akakae nje. Anakaa, anakiamuru kigoda kipande juu kama ile kamba ya baba yake inavyopanda anapotundika mzinga msituni, na kigoda kinapanda.

Huko juu anawauliza watu njia ya kwenda kwa mfalme wa mwezi. Waokota kuni wanamwambia, tusaidie kwanza. Wakata majani wanamwambia hivyohivyo, wakulima vilevile, wachungaji, wachota maji. Kila kipande cha njia anakilipia kwa mikono yake. Anafika kwa watu wasiojua moto, wanaokula vibichi. Anawapekechea moto, wanamtajirisha kwa ng'ombe na mbuzi. Wakati wa kurudi amechoka, na fahali mmoja anamwambia: nitakubeba, lakini siku nikichinjwa, wewe usile nyama yangu. Anakubali.

Nyumbani anawaapisha wazazi: fahali huyu asiguswe. Miaka inapita, fahali anazeeka, baba anamchinja. Mama anayaficha mafuta na kuyatia katika chakula cha mwanawe. Mrile anakula. Nyama inamsemesha mdomoni: umenila mimi niliyekubeba? Na ardhi inaanza kummeza, kidogo kidogo, hadi anatoweka.

Niliisoma tena usiku ule nikimtafuta mchawi.

Hayupo. Kuna gimbi linalogeuka mtoto, kigoda kinachoruka, fahali anayesema, na hakuna mchawi hata mmoja. Kila jeraha limetoka kwa mtu anayempenda Mrile. Mama alimuua yule mtoto akiona mwanawe anadhoofika. Mama huyohuyo alitia mafuta kwenye chakula ili mwanawe ale vizuri. Gharama ipo, tena nzito kupindukia, lakini hakuna jirani wa kwenda kumchoma nyumba.

Nikarudi kwa Ged, nikakumbuka kwamba kivuli kinachomwinda kina jina lake mwenyewe. Nikarudi kwa Shaaban Robert, Adili na Nduguze, 1952: Adili, liwali wa Janibu, analazimika kila usiku kuwachapa ndugu zake wawili waliogeuzwa manyani, nao ndio waliomdhulumu, na bado anawapenda. Uchawi umetua juu ya mapenzi yake mwenyewe. Msomaji anapofunga kitabu, wa kumtazama ni yeye na ndugu zake. Bibi wa jirani hahusiki.

Nilimtumia rafiki yangu hadithi ya Mrile yote. Alisema ni nzuri sana. Alisema pia kwamba hadithi moja haizuii panga, na hapo sikumbishia. Lakini siamini tena kwamba dawa ni uchawi mwepesi. Mtoto aliyezoea kwamba mfu anainuka kwa kitufe na kugeuka majivu bila mtu kumlilia hajafundishwa kwamba uchawi ni hadithi. Amefundishwa kwamba mfu si kitu.

Na Zau? Hapa natofautiana na Bibi, kwa heshima zote. Yeye aliona dakika chache za mwanzo tu. Gemu lile lote limejengwa juu ya swali lake yeye mwenyewe, nini kinadaiwa kwa mtu anayekataa kuzika. Mwisho wake sitausema, mcheze. Bibi nimemweleza hivyo, akasema atafikiri. Mpwa wangu anaendelea kulicheza akiwa kwao Arusha, kwa sauti ya Kiswahili.

## Gemu ninalolitaka

Siku hizi najikuta nalipanga kichwani. Mrile, kwa Kiswahili, lianzie kwenye shamba la magimbi na Kibo nyuma yake.

Saa za kwanza usipigane na mtu. Ugawe chakula chako na mtoto wa mtini, na mwili wako kwenye skrini upungue kweli, miguu iwe mizito, usiweze kuruka ulichoruka jana. Kupungua huko kusijijaze kwenyewe hata ukitembea siku nzima. Mtoto akiuawa, pasiwe na kitufe cha kumrudisha. Mchezaji atabonyeza kila kitu, namjua, nami ningebonyeza, na hakuna kitakachotokea. Kisha kigoda. Kisha kuni za watu wengine, majani ya watu wengine, mtungi wa maji kichwani, kila mmoja akikudai kazi kabla ya kukuonyesha njia. Moto upekeche mwenyewe kwa mikono miwili kwenye padi, ukichoka uzimike, uanze tena.

Linalonipa shida ni bakuli la mwisho. Rafiki yangu anasema mchezaji apewe nafasi ya kulikataa, la sivyo atahisi ameonewa. Nimelifikiria sana na nimeamua hapana. Katika hadithi Mrile hajui kilichomo. Mchezaji naye apewe bakuli na mama yake, baada ya safari yote ile, mama aseme "kula mwanangu," na ale.